Paukwa ni ya Msimulizi, Pakawa ni ya Nani?

Kama unafuatilia hadithi za Kiswahili zinazotolewa kwa vipande kwenye Facebook na WhatsApp, hali hii unaijua. Sehemu ya kumi na mbili inaishia mlangoni, bastola iko mkononi, halafu "itaendelea". Chini yake maoni yanamiminika: admin lete mwendelezo, usimuue huyo dada, kaka umetuonea. Mwandishi anasoma yote. Na mimi nakiri, nimeshawahi kutishia kujitoa kwenye grupu endapo mhusika wangu atakufa.

Wapo wanaosema hii ni tabia iliyoletwa na mitandao. Si kweli. Mwaka 1893 Arthur Conan Doyle alimuua Sherlock Holmes kwenye maporomoko ya Reichenbach, na wasomaji wakamwandikia barua za hasira. Holmes hakuonekana tena hadi 1901, kwenye The Hound of the Baskervilles, tena kwa kisa kilichotangulia kifo chake. Kufufuka kwenyewe kulisubiri hadi 1903, na fedha za wachapishaji nazo zilisaidia kumlainisha mwandishi.

Kilichobadilika ni mwendo. Tarehe 30 Aprili 2019 Paramount walitoa trela ya Sonic the Hedgehog. Mashabiki wakaona yale meno kama ya binadamu, wakacheka, kisha wakakasirika. Tarehe 2 Mei mwongozaji, Jeff Fowler, akaandika Twitter kwamba mhusika atachorwa upya. Siku mbili tu! Filamu ikasogezwa kutoka Novemba hadi 14 Februari 2020, na ikaingiza zaidi ya dola milioni 300 duniani.

Kisa hiki hutolewa kama ushahidi kwamba siku hizi shabiki ndiye bosi. Mimi nakisoma tofauti. Hebu tujiulize, shabiki alipewa nini hasa? Alipewa sura. Alisikilizwa pale ambapo kelele zake zilitishia mauzo, na utii huo ukageuka tangazo la bure. Aliyebeba mzigo ni mchoraji wa kompyuta aliyerudia kazi. Studio moja iliyoshiriki kuitengeneza filamu hiyo, MPC ya Vancouver, ilifungwa Desemba 2019, kabla filamu haijafika kwenye kumbi. Kampuni ilitaja mambo ya soko, kwa hiyo siwezi kusema Sonic ndiye sababu. Ninachosema ni kwamba tulipokuwa tukishangilia ushindi wa mashabiki, wafanyakazi hao hakuna aliyewakumbuka.

Mei hiyohiyo, watu zaidi ya milioni moja walitia saini kwenye mtandao wakitaka msimu wa nane wa Game of Thrones utengenezwe upya. HBO hawakutii, na kwa maoni yangu walifanya sawa. Sitetei mwisho ule. Kugeuka kwa Daenerys kulihitaji muda, na msimu mzima ulikuwa na vipindi sita tu. Lakini ona tofauti: sentensi hiyo moja inaonyesha palipovunjika. Saini milioni moja zinaonyesha tu kwamba watu wamechukia. Kampuni inajua kuhesabu hasira, ila hasira haimfundishi mtu kusimulia vizuri zaidi.

Yupo shabiki wa aina ya pili, na huyu ndiye anayenigusa. Huyu hadai, anajibu. Akichukia mwisho, anakaa chini na kuandika wa kwake. Maelfu kwa maelfu ya kazi za namna hiyo zimehifadhiwa Archive of Our Own, maktaba ya mtandaoni iliyojengwa na mashabiki wenyewe, isiyo na matangazo, inayoendeshwa kwa michango. Mwaka 2019 ilipata tuzo ya Hugo. Sharti lake kubwa ni kwamba humo ndani hufanyi biashara. Unaandika kwa mapenzi, na unalipwa kwa kusomwa.

Sasa mapenzi hayo yakikutana na soko, wee! E. L. James alianza kama shabiki wa Twilight. Aliweka mtandaoni, bure, kwa vipande, hadithi yake kuhusu Edward na Bella. Wasomaji walimfuata sura kwa sura, wakimpa maoni na moyo. Baadaye hadithi ikaondolewa, majina yakabadilishwa, na 2011 ikatoka kitabu: Fifty Shades of Grey. Mfululizo huo umeuza nakala zaidi ya milioni 100.

Simlaumu James kwa kula matunda ya kalamu yake. Maneno ni yake. Lakini lile grupu la wasomaji lililokuwa likiitikia kila wiki lilikuwa na sehemu yake katika kuifanya hadithi iendelee, na kwenye hesabu halikuonekana popote.

Sisi kwa Kiswahili jambo hili tunalijua tangu utotoni. Msimulizi akisema paukwa, hadithi haianzi mpaka tuseme pakawa. Bibi hakuwahi kutuuzia pakawa yetu, na sisi hatukuwahi kumwamuru sungura ashinde. Kila mmoja alikuwa na zamu yake. Leo zamu yetu ina bei, ila bei hiyo anaijua mwenye kampuni, siyo sisi.

Kwa hiyo wiki iliyopita, "itaendelea" ilipotokea tena, sikuandika vitisho. Nilimwandikia mwandishi aya mbili: kwa nini nadhani yule dada hajatendewa haki na hadithi, na wapi niliacha kumwamini. Nikamtumia na hela ya sehemu inayofuata. Amemuua hata hivyo. Bado niko kwenye grupu.