Mishipa Isiyokatwa

Daktari alianza na rula. Mgonjwa alikuwa amelala kaputi, mpira wa hewa umepitishwa puani ili mdomo ubaki huru, uso umepakwa dawa ya kahawia na kuzungushiwa vitambaa vya kijani. Nilitegemea kisu, ikatoka rula ya chuma, fupi kama kidole. Akapima mdomo wa chini kutoka pembe hadi pembe: sentimita saba. Akapima kidonda: mbili. Akaongeza sentimita moja kila upande, kwa kuwa saratani huwa imetambaa kupita pale jicho linapoona. Nne zingeondoka, zaidi ya nusu ya mdomo.

Mama huyu anauza mboga, na ana ualbino. Amekaa juani miaka mingi nyuma ya mafungu yake ya mchicha. Mdomo wa juu hupata kivuli kidogo cha pua. Wa chini umejitokeza na kutazama juu, na jua linaupiga moja kwa moja. Ndiyo maana saratani ya ngozi hupenda kuanzia hapo, hasa kwa mtu ambaye ngozi yake haina rangi ya kumkinga. Siku hizi mjini Moshi hutengenezwa krimu ya kuzuia jua mahususi kwa wenye ualbino. Kwake ilifika akiwa mtu mzima, na mdomo ulikwisha kuanza kupasuka.

Kama pengo lingekuwa theluthi moja tu ya mdomo, kazi ingekuwa nyepesi: unakata pembetatu, unavuta kingo, unashona, mgonjwa anarudi nyumbani. Zaidi ya hapo lazima uazime nyama mahali pengine, na hapo ndipo ugumu ulipo, maana hakuna mahali pengine mwilini penye kitu kinachofanana na mdomo. Ngozi ya mkono inaweza kuziba pengo, lakini haijui kubana. Na mdomo wa chini kazi yake ni kubana. Ndio ukingo wa mtungi. Ukivunjika, mate, uji na chai vyote humwagikia kidevuni. Hata lugha yetu inauhitaji kuliko tunavyofikiri. Jaribu kusema mama, baba au papai bila kukutanisha midomo.

Kwa hiyo daktari huyu aliazima mdomo kwa mdomo wenyewe. Njia aliyoitumia inaitwa kwa jina la Miodrag Karapandžić wa Belgrade, aliyeichapisha mwaka 1974. Miaka zaidi ya mia moja kabla yake, mwaka 1857, Mjerumani Victor von Bruns alikwisha kuzungusha vipande vya nyama kuzunguka kinywa ili kuziba pengo kama hili, ila yeye alikata unene wote, nje hadi ndani. Pengo likazibika, lakini mdomo uliopatikana ulikuwa mzito, haujui kubana wala kuhisi. Karapandžić alikata kidogo kuliko yeye. Tofauti yote iko hapo.

Kwanza ulikuja wino. Kutoka chini ya pengo litakalobaki, daktari alichora mstari kwenda kila upande, ukafuata mkunjo wa kidevu, ukapinda kupita pembe ya mdomo na kupanda hadi kwenye ule mkunjo unaoshuka kutoka pembeni mwa pua. Kila alipofika alisimama na kupima upana wa ukanda anaouacha, usipungue mahali na kuzidi pengine. Mara mbili alifuta kwa spiriti na kuchora upya. Halafu akachovya ncha ya sindano kwenye wino wa bluu, akachoma nukta mbili, moja kila upande wa sehemu itakayokatwa, palepale ngozi ya kawaida inapokutana na ngozi laini ya mdomo. Kwa mama huyu mpaka huo ni hafifu, waridi juu ya waridi. Dawa ya kupunguza damu ikishachomwa nyama huvimba, mpaka hupotea, na ukikosea kwa milimita moja tu, kila atakayeongea naye ataona.

Kukata saratani kulichukua dakika chache, na sina mengi ya kusema juu yake. Kipande kilitoka kikiwa na umbo la ngao. Kabla hakijaingia kwenye kopo la maabara kilitiwa nyuzi mbili: fupi upande wa juu, ndefu upande wa kushoto, ili mtaalamu atakayekitazama kwa darubini ajue kilikuwa kimekaaje usoni.

Baada ya hapo mwendo wa chumba kizima ulipungua. Daktari alifuata mstari wa wino kwa kisu namba 15, kile chenye tumbo dogo la mviringo, akakata ngozi tu. Kisha akakiweka kisu mezani, na kwa karibu saa nzima sikukiona tena mkononi mwake. Alichukua mkasi mdogo wenye ncha butu. Aliuingiza ukiwa umefungwa, akaufungua, akautoa. Akauingiza tena, akaufungua. Hakuwa akikata, alikuwa akitenganisha nyuzi za msuli, kama mtu anayechambua makumbi kutafuta nyuzi za kusokotea kamba. Msuli huu huzunguka kinywa chote kama mkanda, na ndani yake kila kitu kinachofanana na uzi kinaweza kuwa uzi wa msuli, au mshipa wa damu, au mshipa wa fahamu.

Cha kwanza kuonekana kilikuwa mshipa wa fahamu: mweupe, mwembamba kuliko njiti ya kiberiti, unaingia kutoka upande wa shavu. Daktari aliusogeza kwa kulabu, akapita juu yake, akapita chini yake, akauacha ukining'inia. Nyama iligoma kusogea. Kijana anayesomea upasuaji, aliyekuwa ameshika kulabu ya pili, akauliza kama huo mmoja usingekatwa tu, maana ndio uliokuwa umebana.

"Ukate," daktari akamjibu bila kuinua macho, "halafu mate yakimtoka utakuwa unamfuta wewe?"

Akaendelea kuchambua kuuzunguka. Karibu na pembe ya mdomo ulitokea mshipa wa damu, unadunda taratibu, nao ukaachwa. Utando wa ndani ya kinywa haukuguswa ila kidogo tu karibu na pengo. Ghafla, baada ya kufungua mkasi sijui mara ya ngapi, upande wa kulia ukalegea na kuteleza kuja katikati. Wa kushoto ukafuata. Vipande viwili vya mdomo vilikutana, hai, vikiwa na damu yao na fahamu zao.

Ushonaji ulianza na nukta za bluu. Uzi mmoja ukazikutanisha, daktari akarudi nyuma hatua moja, akainamisha kichwa huku na huku, akaufungua, akaushona tena. Sikuona kilichokuwa na kasoro. Kisha utando wa ndani, kisha msuli kwa uzi wa 4-0 unaoyeyuka wenyewe, mwisho ngozi kwa 6-0, mwembamba kama unywele. Nesi alihesabu gozi kwa sauti.

Siku ya saba nilirudi wodini nyuzi zikitolewa. Kinywa kilikuwa kidogo kuliko zamani. Ndiyo bei ya njia hii, maana duara lile lile sasa limeshonwa kwa nyama pungufu. Kijiko kikubwa hakiingii. Mama atafanya mazoezi ya kuuvuta mdomo kwa vidole kila siku, kwa miezi.

"Fumba macho, mama," daktari akasema, akasokota uzi wa pamba na kuugusisha pembeni mwa mdomo wa chini.

"Hapo."

"Na sasa?"

"Hapo. Panawasha."

Akampa kikombe cha maji. Mama akakishika kwa mikono miwili, akakibana kwa midomo, akanywa polepole mpaka nusu. Daktari hakutazama kikombe, alitazama kidevu. Kilikuwa kikavu.