Uwazi wa Data za Akiolojia na Mipaka Yake: Uhakiki wa Kumbukumbu za Kidijitali za Pwani ya Afrika Mashariki na Kasubi

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna data za kidijitali za akiolojia zinavyochapishwa, kushirikishwa na kutumiwa upya katika Afrika Mashariki. Mjadala umejengwa juu ya mifano mitatu: vigae vya Kilwa na vya maeneo mengine ya pwani, data za jenomu za watu waliozikwa katika miji ya Waswahili, na vipimo vya Makaburi ya Kasubi nchini Uganda. Hoja kuu ni kwamba uwazi hauwezi kupimwa kwa kuwapo kwa faili mtandaoni pekee. Data huwa wazi kweli pale muktadha wake, lugha yake na ridhaa iliyoizalisha vinaposafiri pamoja nayo. Makala yanamalizia kwa kupendekeza hatua zinazoweza kuchukuliwa na taasisi za utafiti na za Kiswahili katika ukanda huu.

1.0 Utangulizi

Akiolojia ni taaluma inayoharibu ushahidi wake kwa kuusoma. Tabaka la udongo likishachimbwa halirudi. Kinachobaki ni vitu vilivyookotwa na maandishi ya mchimbaji. Kwa sababu hiyo, kumbukumbu za uchimbaji ni sehemu ya kitu chenyewe kinachotafitiwa, wala si kiambatisho chake. Zamani kumbukumbu hizo zilikuwa madaftari, michoro na picha zilizotunzwa katika makabati. Leo ni majedwali, picha za kidijitali, modeli za pande tatu na faili za maabara, ambazo zinaweza kunakiliwa mara elfu bila kuchakaa, na vilevile zinaweza kupotea zote kwa siku moja kifaa cha kuhifadhia kinapoharibika.

Mwaka 2016 kundi la wanasayansi lilichapisha kanuni zinazojulikana kwa kifupi cha FAIR, zinazotaka data ziweze kupatikana, kufikiwa, kuoana na data nyingine, na kutumiwa tena. Mwaka 2019 zikafuatiwa na kanuni za CARE, zilizotokana na madai ya jamii za wenyeji wa asili katika sehemu mbalimbali za dunia. Hizi zinasisitiza manufaa ya pamoja, mamlaka ya kudhibiti, wajibu na maadili. Kanuni za kwanza zinauliza kama data inatumika. Za pili zinauliza inatumika kwa faida ya nani na kwa idhini ya nani. Katika mijadala mingi makundi haya mawili hutajwa kwa pumzi moja kana kwamba hayagongani. Mifano inayofuata inaonyesha kwamba yanagongana, na kwamba Afrika Mashariki ni mahali pazuri pa kuutazama mgongano huo.

2.0 Chungu Kimoja, Majina Matatu

Neville Chittick alichimba Kilwa Kisiwani na kuchapisha matokeo yake mwaka 1974 katika majuzuu mawili, la kwanza likihusu historia na uchimbaji, la pili likihusu vitu vilivyopatikana. Kwa vipimo vya wakati wake, huo ulikuwa ushirikishaji wa data wa hali ya juu. Msomaji anaweza kutokubaliana na imani ya Chittick kwamba chimbuko la miji ya pwani ni wageni kutoka ng'ambo, na bado akazitumia sehemu za kitabu hichohicho kujenga hoja tofauti. Ndivyo ilivyotokea. Uchimbaji wa Mark Horton huko Shanga, uliochapishwa mwaka 1996, na kazi za Felix Chami katika pwani ya Tanzania, ziliirudisha asili ya miji hiyo kwa jamii za Kiafrika zilizokuwa zikilima, zikivua na kufua chuma kabla ya nyumba za mawe kujengwa. Vyungu vya matabaka ya chini vilikuwa miongoni mwa ushahidi mkuu wa mageuzi hayo.

Hata hivyo, vyungu hivyo vina kisa chao. Chittick aliviita vyombo vya jikoni vya awali. Horton na wenzake wakavipa jina la mapokeo ya Tana, kutokana na mto huo wa Kenya. Chami akaviita vyungu vyenye chale za pembetatu, vinavyofahamika zaidi kwa kifupi cha Kiingereza TIW. Kila jina limebeba nadharia. La kwanza linakiweka chungu jikoni, mbali na historia ya mji. La pili linakifunga na mahali. La tatu linafuata pambo lililochorwa shingoni mwake. Kwa msomaji wa vitabu, tofauti hizi ni mjadala unaoweza kufuatwa. Kwa kanzidata, ni ukuta. Anayetafuta kwa jina moja hapati kilichoorodheshwa kwa jina jingine, wala mashine haimwambii kwamba kimefichika. Data zote zinaweza kuwa zimewekwa hadharani na bado zisikutane.

Jambo la kuzingatiwa katika mkutano wa Kiswahili ni kwamba hakuna hata moja kati ya majina hayo lililobuniwa kwa Kiswahili, ilhali lugha hii ina msamiati mpana wa ufinyanzi: chungu, mtungi, kikaango, chetezo na mengine mengi yanayotofautiana kutoka Lamu hadi Kilwa. Majedwali ya kimataifa huainisha vyombo kwa umbo la mdomo na upana wa shingo. Wafinyanzi na wapishi wa pwani huvitaja kwa kazi yake. Haitakuwa sahihi kudai kwamba uainishaji wa pili ni bora kwa kila hali. Chombo cha karne ya nane chenye umbo la kikaango si lazima kiwe kilikaangiwa samaki, na kukipa jina la leo ni kukisingizia matumizi ambayo hayajathibitishwa. Lakini hatari hiyo ipo pia katika maneno ya Kiingereza, nayo haijazuia maneno hayo kutumika. Njia ya busara ni kuweka safu zote mbili katika jedwali: umbo lililopimwa, na jina la Kiswahili la chombo kinachofanana nacho, pamoja na mahali jina hilo linapotumika. Kwa kufanya hivyo, mfinyanzi wa leo huwa miongoni mwa watu wanaoweza kusahihisha data, badala ya kubaki mtu wa kupigwa picha tu.

3.0 Mifupa na Faili

Mfano wa pili ni mzito zaidi. Mwezi Machi 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba vya kale vya watu 80. Walikuwa wamezikwa katika miji sita ya pwani kati ya mwaka 1250 na 1800, pamoja na mji mmoja wa bara wa baada ya mwaka 1650. Utafiti ulionyesha kwamba wengi wa watu wa miji ya pwani walipata zaidi ya nusu ya urithi wao kutoka kwa wahenga wa Kiafrika, hasa wanawake, na sehemu kubwa ya urithi uliobaki kutoka Asia, hasa kwa wanaume wa Uajemi. Mchanganyiko huo ulianza takriban mwaka 1000. Makala yalitolewa bila malipo kwa msomaji, na data za jenomu zikawekwa katika hifadhi ya umma. Kwa kipimo cha FAIR, utafiti huo unastahili sifa.

Uhakiki unaanzia mahali ambapo faili inaachana na kaburi. Anayepakua data za jenomu anapata mfuatano wa vinasaba pamoja na maelezo mafupi ya mahali na wakati. Hapati kwa urahisi habari za kaburi lenyewe: kama lilijengwa kwa mawe au lilikuwa la udongo, kama lilikuwa karibu na msikiti, lilikuwa na nini pembeni yake. Habari hizo ndizo zinazoeleza ni nani aliyezikwa hapo. Kaburi la mawe jirani na msikiti halikuwa la kila mkazi wa mji. Mtafiti wa mbali akizitumia upya data hizo bila muktadha huo, sampuli ya watu wenye hadhi inaweza kugeuka kuwa picha ya Waswahili wote. Hilo si dogo katika ukanda ambao swali la nani ni Mshirazi, nani ni Mwarabu na nani ni mwenyeji limewahi kuamua nafasi ya mtu katika sheria za kikoloni, na bado huchochea ubishi barazani. Data iliyotenganishwa na muktadha wake haibaki tupu. Hujazwa na siasa ya anayeisoma.

Lipo pia suala la ridhaa. Chapurukha Kusimba, mmoja wa walioongoza utafiti huo, ameeleza hadharani kwamba wenyeji walishirikishwa na kuombwa idhini kabla ya makaburi kufunguliwa. Huo ni mwenendo wa kupigiwa mfano. Lakini idhini iliyotolewa na wazee kwa mtu wanayemfahamu, kwa swali walilolielewa, haiwezi kuchukuliwa kuwa idhini kwa kila mtu na kwa kila swali litakaloulizwa miaka 20 ijayo. Mifupa inaweza kurudishwa kaburini ikasomewa dua, faili haizikwi. Hapo ndipo kanuni za FAIR na CARE zinapovutana waziwazi. Ya kwanza inataka kizuizi kiondolewe ili utafiti uhakikiwe na kuendelezwa. Ya pili inataka mlango uwe na mwenyewe wa kubishiwa hodi. Anayetaka data zifungwe kabisa anasahau kwamba uhakiki wa madai kuhusu asili ya Waswahili unahitaji data hizohizo. Zikifungwa, neno la mtafiti wa kwanza huwa la mwisho. Ufumbuzi haumo katika kufungua wala kufunga, bali katika kuambatisha masharti ya ridhaa kwenye data yenyewe, na kuitaja jamii husika kama chombo kinachopaswa kuarifiwa inapotumiwa upya.

4.0 Kasubi: Kilichopimwa na Kisichopimika

Nchini Uganda, Makaburi ya Kasubi ya wafalme wa Buganda yaliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001. Mwaka 2009 jengo kuu, Muzibu Azaala Mpanga, lilipimwa kwa skana za leza katika kazi iliyohifadhiwa na shirika la CyArk la Marekani. Tarehe 16 Machi 2010 jengo hilo liliteketea kwa moto. Vipimo vya mwaka uliotangulia vikawa ghafla kumbukumbu ya kitu kisichokuwapo tena.

Mara nyingi kisa hiki husimuliwa kama ushindi wa teknolojia, na kwa sehemu ni kweli. Lakini usomaji makini unaonyesha mambo mawili. Kwanza, leza hupima uso wa kitu. Ujuzi wa kuezeka paa la Kasubi ni dhamana ya ukoo wa Ngeye, na umo katika mikono, miiko na mafunzo ya watu. Modeli inaweza kuonyesha mviringo wa paa, lakini haiwezi kumfundisha kijana kuchagua nyasi. Pili, nyuma ya pazia la magome ya mti ndani ya jengo hilo lipo eneo takatifu liitwalo Kibira, ambalo watu wachache tu huruhusiwa kuingia. Kwa mantiki ya uwazi usio na mipaka, eneo hilo ni pengo katika data. Kwa mantiki ya Buganda, pengo hilo ndilo maana ya jengo. Kumbukumbu ya kidijitali iliyo kamili kwa Kasubi ni ile inayoandika kwamba hapa pana kitu kisichoonyeshwa, na kueleza kwa nini. Hata nje ya mambo ya ibada, tahadhari kama hiyo ina faida: kutangaza mahali kamili pa magofu yasiyo na mlinzi ni kuwaelekeza njia wezi wa mali kale.

5.0 Sheria, Lugha na Hifadhi

Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ni ya mwaka 1964, na iliandikwa kwa ajili ya vitu vinavyoshikika. Ile ya Kenya kuhusu makumbusho na urithi ni ya mwaka 2006. Mtafiti anayeomba kibali hujua vigae havisafirishwi bila ruhusa, ilhali faili zenye picha na vipimo vya vigae vyote huvuka mpaka ndani ya mfuko wa shati. Nyingi huishia katika hifadhi za nchi za kaskazini. Hifadhi hizo zina uzoefu. Ile ya Chuo Kikuu cha York nchini Uingereza imekuwapo tangu mwaka 1996. Kuzitumia si kosa. Kosa ni kuzifanya kuwa mahali pekee. Nakala ikikosekana Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, mwanafunzi wa Kilwa huomba kwa Kiingereza, kupitia mtandao wa kulipia, habari za ardhi anayoikanyaga.

Hatua tatu zinawezekana bila kusubiri sheria mpya. Mamlaka zinazotoa vibali zinaweza kuweka sharti kwamba nakala ya data, pamoja na maelezo yake kwa Kiswahili, ikabidhiwe kwa makumbusho ya nchi kabla ya kibali kingine kutolewa. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, kwa kushirikiana na wanaakiolojia na mafundi wa jadi, inaweza kuratibu orodha ya istilahi inayounganisha majina tofauti ya vyombo, majengo na matabaka, ili kanzidata ziweze kusomana. Vyuo vikuu navyo vinaweza kuhesabu utayarishaji wa data kuwa kazi ya kitaaluma inayostahili kupandishiwa cheo, kwa kuwa hakuna atakayetumia miezi kusafisha majedwali ambayo hayamletei sifa. Hatua ya mwisho inahitaji fedha na watunzaji wa kudumu, na bila hao mbili za kwanza zitabaki karatasini.

6.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba vigae vya Kilwa vinaweza kuwa wazi na visipatane, jenomu za pwani zinaweza kuwa wazi na zisieleweke, na vipimo vya Kasubi vinaweza kuwa sahihi bila kuwa na haki ya kuonyesha kila kitu. Katika mifano yote mitatu, kasoro haikuwa katika faili, bali katika kile kilichokatwa faili ilipoondoka mahali pake: jina, kaburi, mwiko. Kurudisha vitu hivyo ni kazi ya lugha kama ilivyo kazi ya kompyuta. Wataalamu wa Kiswahili, ambao kwa muda mrefu wameitazama akiolojia kama jirani anayewaletea habari za kale, wana sababu ya kuingia shimoni pamoja naye, kwa kuwa maneno yatakayoandikwa leo katika safu za majedwali ndiyo yatakayoamua kesho nani ataweza kuisoma pwani hii.