Kiti kimoja cha barafu



Shirika letu limezoea kuwaandikia juu ya mahari, ngoma na vitendawili. Mara hii tunaomba ruhusa tuanzie mbali kidogo, ndani ya ordinatere ya vijana, kisha tutarudi nyumbani. Sababu ni mzazi mmoja aliyekuja kutulalamikia: "Mwalimu, mwana wangu anacheza mchezo fasi yeye mwenyewe ndiye muuaji. Leo analinda mji, kesho anaubomoa. Mumukataze." Hatukumkataza. Tuliketi nyuma ya huyo mtoto jioni kadhaa, pale umeme uliporuhusu, tukaangalia.

Mchezo wenyewe ni Warcraft III, uliotolewa na kampuni ya Marekani, Blizzard Entertainment, mwaka 2002. Mwaka uliofuata, 2003, likatoka fungu lake la nyongeza, The Frozen Throne, ndiyo kusema kiti cha enzi cha barafu. Mwaka 2020 vyote viwili vilitolewa tena kwa sura mpya. Mchezaji anachimba dhahabu, anajenga kambi, anatuma askari, na kati ya vita na vita hadithi inaendelea.

Ili kuelewa nyongeza, lazima tuanze na Arthas. Ni mwana wa mfalme, kijana mzuri, mlinzi wa watu wake. Tauni inaingia katika nafaka, na wanaoila wanageuka wafu wanaotembea. Akifika mji wa Stratholme anakuta nafaka imekwisha kuliwa. Anaamua kuwaua wakaaji wote kabla hawajageuka. Uther, mwalimu wake, anakataa. Jaina, aliyempenda, anageuza mgongo na kwenda zake. Lakini mchezaji hana njia ya kuondoka. Anatakiwa kuua mia moja kabla adui yake Mal'Ganis hajawachukua mia moja, na hesabu inaonekana pale kwenye ekra kama hesabu ya mpira. Baadaye, katika nchi ya theluji, agizo la mfalme linawaita askari warudi kwao. Arthas anawalipa askari wa kukodiwa wachome mashua, askari wake wasiweze kurudi. Kisha anawasingizia walewale aliowalipa, na wanauawa. Anachukua upanga uliolaaniwa, anarudi kwao, na anamwua baba yake, Mfalme Terenas, mbele ya kiti chake.

Hayo yote mkono wa mtoto ndio uliyafanya, isipokuwa lile la baba: hilo linaonyeshwa kama sinema, na mchezaji anaangalia tu. Tuliliona kuwa ni woga kidogo wa watungaji.

Sasa nyongeza. Hapa mkono unabadilisha mabwana. Kwanza tuko pamoja na Maiev, mlinzi wa gereza, anayemfuatia Illidan, mtu aliyefungwa miaka elfu kumi. Tunajiona tuko upande wa sheria. Kumbe Maiev anamdanganya Malfurion, ndugu pacha wa Illidan, kwamba mpenzi wake Tyrande amekufa, hali alichukuliwa na mto tu. Na anayekwenda kumwokoa pamoja na Malfurion ni Illidan huyohuyo, mwovu wetu. Kisha tunakuwa na Kael'thas, mwana wa mfalme ambaye nchi yake iliharibiwa na wafu wa Arthas. Jemadari Garithos anamdharau, anamnyima askari, anamfunga amwue, sababu tu alikubali msaada wa nyoka wa majini. (Banyanga hapa watamkumbuka Mukiti.) Sehemu hii inafundisha vizuri namna dharau inavyomsukuma mtu mwema upande mwingine, tena bila hotuba. Mwishowe mkono uleule uliomfuatia Illidan ndio unaomnyang'anya Maiev kizimba chake.

Iliyo bora kupita zote ni sehemu ya Sylvanas. Katika mchezo wa kwanza, kwa mkono wa Arthas, tulimwua na kumfufua awe mtumwa wa muuaji wake. Katika nyongeza nguvu inayomfunga inalegea, anapata akili zake, anamtegea Arthas mtego, na baadaye sisi tuliomwua ndio tunaongoza jeshi lake. Mtoto tuliyemwangalia alisimama kidogo hapo. "Mwalimu, huyu nilimwua mimi." Hakuna sahifa ya kitabu cha maadili iliyowahi kumfanya aseme vile.

Kwa hiyo hatukubaliani na wanaosema kwamba kucheza mwovu ni kujifunza uovu. Kama ni hivyo, tungewashtaki pia wasimulizi wetu. Mwaka 1956 mzee She-Karisi Rureke aliimba, akacheza na kuigiza karisi ya Mwindo siku kumi na mbili, na Daniel Biebuyck pamoja na mwenzetu Kahombo Mateene wakaichapisha 1969. Mdomo ni mmoja. Mdomo huo ni Mwindo, tena ni Shemwindo baba yake, anayetoa amri wake zake wazae wasichana tu, anayemrushia mtoto mkuki, anayemfungia katika ngoma na kumtupa mtoni. Hakuna aliyesema Rureke amekuwa mwuaji wa watoto.

Na Mwindo mwenyewe si malaika. Akiwa na hasira anaomba umeme wa Nkuba uteketeze Tubondo, kijiji cha baba yake, na watu wanakufa. Stratholme yetu hiyo! Lakini tuangalie kinachofuata. Anamfuata baba mpaka chini ya nchi, na akimpata hamwui: anamrudisha. Wafu wa Tubondo anawafufua kwa fimbo yake ya conga, kazi ya siku tatu. Shemwindo anakiri makosa yake mbele ya watu wote. Na vinaletwa viti vitatu vya shaba: mwana, baba, na shangazi Iyangura katikati.

Katika barafu ya Marekani kiti ni kimoja. Arthas anamshinda Illidan chini ya mlima, anapanda ngazi peke yake, anavaa kofia ya chuma, anaketi. Mchezo umekwisha. Lawama yetu iko hapo. Hatulaumu kwamba tumecheza mwovu. Tunalaumu kwamba baada ya kutubebesha uovu wote ule hakuna aliyetuita tujieleze. Mara moja tu mchezo unakaribia: Malfurion anamwachilia ndugu yake aende, sababu alimwokoa Tyrande. Ni dakika chache, na Maiev anaendelea kumkimbilia kama kwamba halikusemwa neno.

Baridi pia iko kwetu. Mwindo alipoua joka Kirimu, rafiki wa Nkuba, Nkuba alikuja kumchukua, akamkalisha juu mbinguni mwaka mzima katika upepo mkali, mvua na jua, mpaka majivuno yakamtoka. Yaani shujaa naye alifungwa. Kisha alirudishwa kwa watu wake na makatazo ya kushika. Arthas alikwenda kwenye baridi akakaa.

Tulisema haya darasani, mwaka wa tano, na wakabishana sana. Wengine walisema Mwindo ni hadithi ya wazee, inamaliza kila kitu vizuri mno. Wafu hawafufuliwi kwa fimbo. Hilo ni kweli, na hatukuwa na jibu zuri. Mmoja alisema mchezo ni mkweli kupita karisi, kwani wakubwa wanaopanda kiti hawashuki kukiri. Hilo nalo tuliliandika ubaoni.

Nyuma aliketi kijana mmoja mkubwa kupita wenzake. Alikaa msituni na bunduki miaka miwili kabla ya kurudi shuleni; darasa zima linajua na hakuna anayesema. Hachezi ordinatere, anaangalia tu wenzake wakicheza. Tulipouliza juu ya nini Arthas hakurudi kwao kama mwana, yeye ndiye alijibu:

"Mwalimu, mashua ziliungua. Angerudia na nini?"

Kengele ikalia, wengine wakatoka. Yeye alibaki akikunja daftari.

"Na ule baba wa Mwindo, aliketi kweli karibu na mtoto wake?"

"Ndiyo," tukamwambia. "Shangazi katikati."

Alifikiri kidogo.

"Shangazi yangu iko Walikale," akasema, akatoka.