Kuipima Filamu ya Wapenzi Walioachana

Mwenye kutaka kuijua thamani ya filamu ya Kitelugu isimuliayo habari za wapenzi waliotenganishwa na dahari, asianze kwa kuwatazama wapenzi wenyewe, kwani hao, madhali nyuso zao ni jamili na mwimbaji wao ana sauti ya kuliza, hata fundi wa daraja ya chini aweza kuwatumia akawatoa watu machozi. Na amtazame kwanza yule wa tatu, mume au mke aliyeingia katika ndoa yenye kumbukumbu ya mtu mwingine, ajiulize kama naye amepewa roho na akili, ama amewekwa pale kuwa kizingiti tu cha wengine kujikwaa.

Kwa mizani hii hata Devadasu ya mwaka 1953, aliyoiongoza Vedantam Raghavayya kutoka riwaya ya Sarat Chandra Chattopadhyay, ina upungufu, maana mzee tajiri aliyeozwa Parvati, mpenzi wa Devadasu, hatumjui ila kwa mali na umri wake. Lakini filamu hiyo yaokolewa na Akkineni Nageswara Rao, mwigizaji wa Devadasu, ambaye husimuliwa kwamba alipigwa picha za ulevi nyakati za usiku, ili macho yake yawe mazito kwa usingizi wa kweli. Na yaokolewa tena na lango lile la mwisho, lifungwalo mbele ya Parvati akimkimbilia mpenzi wake aliyekuja kufia nje ya nyumba yake, hata asimfikie.

Mwongozaji Shiva Nirvana ndiye aliyeielewa vyema haki ya huyo wa tatu. Katika Ninnu Kori ya 2017, Uma, mwanachuoni wa takwimu, hudai kwamba Pallavi, mpenzi wake wa zamani, hana furaha katika ndoa yake huko Marekani, na Arun, mumewe Pallavi, badala ya kumfukuza, akubali mgeni huyo akae nyumbani mwao siku chache ajionee kwa macho yake. Na kwa kuwa Arun si mjinga wala si dhalimu, kila staha yake yamzidishia Uma adhabu. Katika Majili yake ya 2019 mizani yamwangukia Sravani, mfanyakazi wa reli amlishaye mume mlevi anayeomboleza penzi la zamani. Samantha, amwigizaye Sravani, aucheza uvumilivu huo kwa adabu ya kustaajabisha, ingawa kwangu mimi filamu yausifu mno bila ya kuuhoji.

Nyimbo zataka hukumu yao pekee: uondoe wimbo kwa fikira, na hadithi ikienda bila kuchechemea, basi ulikuwa pambo tu.

Jaanu ya 2020 ni nakala ya 96, filamu ya Kitamil ya 2018, nazo zote mbili ni za C. Prem Kumar. Humo mume wa msichana hatumwoni, na mzigo wote wabebwa na kujizuia: msichana huyo amwekea mpenzi wake, Ram, mkono kifuani, naye Ram azimia. Anayeona hilo ni la kuchekesha, filamu za aina hii hazimfai.

Mwenye nafasi ya filamu moja tu na atazame Ninnu Kori. Jaanu aiache mpaka awe ameiona 96, kwani asili yaizidi.