Kijana Aliyeutumikisha Upepo

Mwaka 2019 Chiwetel Ejiofor alitoa sinema iitwayo The Boy Who Harnessed the Wind, yaani kijana aliyeutumikisha upepo. Ni habari ya William Kamkwamba wa Wimbe, wilaya ya Kasungu, nchi ya Malawi. Tumeitazama, nasi twawaambia wasomaji wetu wapenzi: itazameni, lakini kwa macho wazi.

Mema yake ni mengi. Njaa ya miaka 2001 na 2002 yaonyeshwa bila kufichwa. Kijana afukuzwa shuleni kwa kuwa baba yake hana minervali. Wazazi wa kwetu hawana haja ya kufasiriwa jambo hilo. Na yule baba, aliyekataa kutoa baisikeli yake, kisha akakubali ikatwe, atufundisha kupita mahubiri mengi.

Lakini mambo mawili hayakutupendeza. La kwanza: katika sinema William amtisha mwalimu kwa siri ya dada yake, apate kuingia maktaba. Katika kitabu alichoandika mwenyewe pamoja na Bryan Mealer mwaka 2009, maktaba ya shule ya msingi ilimpa vitabu bure, ingawa alikuwa amekosa minervali. Kwa nini kugeuza wema kuwa hila?

La pili: katika sinema, mashine yapandisha maji na kuokoa kijiji. Kwa kweli mashine ya kwanza ilisimama njaa ilipokwisha, ikawasha taa nyumbani. Pampu ya maji ilikuja baadaye. Halafu kijana alingoja. Mwaka 2007 aliitwa Arusha kusema mbele ya wageni, ndipo wafadhili walipomsaidia masomo, hata akamaliza Dartmouth College, Marekani, mwaka 2014. Miaka hiyo ya kungoja sinema yairuka, nayo ndiyo inayovunja mioyo ya vijana wetu.

Hatuwalaumu wafadhili. Lakini msaada wao ulimfikia aliyekwisha kuonekana, na kilichomfanya aonekane ni kitabu cha kuazima. Mfadhili huchagua mmoja; kabati la vitabu halichagui mtu. Mungu naye hugawa akili bila kuuliza minervali.

Basi, ndugu, katika parokia yetu mtoto aliyefukuzwa shuleni atashika kitabu wapi? Kama hatuna jibu, tusililie bado misaada ya mbali. Tufungue kwanza kabati letu.