Nani Kaudhika?

Katika miaka yangu ya kazi, maandishi yaliyobadilisha zaidi uandishi wa mtandaoni Tanzania si riwaya wala diwani. Ni Kanuni za Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta (Maudhui ya Mtandaoni) za mwaka 2018, zilizotoka Machi mwaka huo. Wengi tunazikumbuka kwa ada: shilingi 100,000 ya maombi, 1,000,000 ya leseni na 1,000,000 nyingine kila mwaka. Yaani ulikuwa unaanza na 2,100,000 kabla hujaandika hata sentensi moja. Tunakumbuka pia Juni 2018, JamiiForums ilipozima baada ya amri kwamba asiyesajiliwa asichapishe. Hayo ya ada yalijadiliwa sana na sina la kuongeza. Nataka tuzisome kanuni zenyewe kama tunavyosoma maandishi mengine hapa, neno kwa neno, kwa sababu kuna neno moja lililopita bila kuhakikiwa.

Limo kwenye orodha ya maudhui yaliyokatazwa. Sehemu kubwa ya orodha hiyo haina ubishi: picha za ngono, ubakaji, lugha ya chuki. Halafu kinakuja kipengele kinachoweka pamoja maudhui yanayosababisha udhia, yanayotishia madhara, na yanayochochea uhalifu. Rudia kukisoma taratibu. Aliyekuudhi na aliyetishia kukudhuru wamekalishwa siti moja, kama abiria wa daladala. Na nauli yao ilikuwa moja: faini isiyopungua shilingi 5,000,000, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili.

Nimeandika "udhia", lakini tafsiri hiyo ni yangu. Kanuni ziliandikwa kwa Kiingereza. Ni mwaka 2021 tu ndipo Bunge lilipopitisha kwamba lugha ya sheria iwe Kiswahili. Kwa hiyo mwaka 2018 mtu mwenye blogu ya Kiswahili, inayosomwa na Waswahili, alikatazwa kuwaudhi wasomaji wake kwa lugha ambayo wengi wao hawaudhikiani kwayo. Hebu jaribu kulitafsiri neno lile mwenyewe uone linavyokuchenga. Ni kero? Kero ni maji kukatika siku nne, ni barabara ya vumbi, na viongozi wetu kila siku wako ziarani "kusikiliza kero za wananchi", kwa hiyo kero ni kitu ambacho mwananchi ana haki ya kuwa nacho na kukitaja. Ni karaha? Hiyo tunaitumia zaidi kwa kinachotia kinyaa. Ni chukizo? Zito mno, lina harufu ya mimbari. Ni maudhi? Hayo huwa ya watu wanaojuana. Unamsikia mama akisema "huyu mtoto ana maudhi" huku anacheka. Ni bughudha? Hapa angalau tunakaribia, maana anayebughudhi anajua anachofanya na anakirudia.

Bughudha inamtazama mtendaji. Mengine yote yanamtazama aliyepokea, namna alivyojisikia. Na kanuni ilichagua upande huo wa pili. Haikuuliza mwandishi alikusudia nini, wala kama alichosema ni kweli. Iliuliza kama kuna mtu kaudhika.

Neno hili lina ukoo. Mwaka 1935 Uingereza ilirekebisha sheria yake ya posta, ikafanya kuwa kosa kutuma kwa simu au telegramu ujumbe ambao mtumaji anajua ni wa uongo, kwa lengo la kumsababishia mtu udhia, usumbufu au wasiwasi usio wa lazima. Maneno hayo yamesafiri. Yaliingia karibu yalivyo katika sheria ya mawasiliano ya Uingereza ya mwaka 2003, na yalikuwemo katika kifungu cha 29 cha sheria ya habari na mawasiliano ya Kenya. Lakini tazama masharti mawili yaliyofungwa kwenye maneno ya 1935: mtumaji awe anajua ni uongo, na awe na lengo la kuudhi. Zilinganishe na kanuni zetu za 2018. Yote mawili hayapo. Karani wa posta wa London wa miaka ya thelathini alilindwa na sheria ya telegramu kuliko mwanablogu wa Tanzania alivyolindwa na ya intaneti.

Mtu atasema ninakuza mambo, kwamba hakuna anayefungwa kwa kuudhi tu. Basi turudi Arusha, mwaka 2016. Hizi kanuni zilikuwa hazijazaliwa, ila Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ilikuwepo. Mtu mmoja aliandika Facebook akikerwa na wanaomfananisha Rais Magufuli na Nyerere, na katika sentensi hiyo akatumia neno "bwege". Mahakama ikamhukumu miaka mitatu jela au faini ya shilingi 7,000,000.

Bwege! Kama kuna neno la Kiswahili linalostahili insha yake peke yake ni hili. Si tusi la nguoni. Bwege ni mtu anayeuziwa mbuzi kwenye gunia, anayeachiwa bili, anayesubiri mpenzi aliyekwisha kuolewa. Bwege anachekesha kabla hajadharauliwa. Marafiki wanaitana hivyo, na mashabiki wa Simba na Yanga, watani wa jadi, wanaitana mabaya zaidi ya hilo kila Jumamosi kisha Jumapili wanakwenda kazini pamoja. Sisemi kumwita Rais bwege ni adabu. Si adabu. Lakini uzito wa neno hili unategemea nani anamwambia nani, wapi, kwa sauti gani, na sheria haikuwa na pa kuyaweka hayo. Ilichukua neno la kijiweni ikalipima kwa mizani ya kupimia dhahabu.

Nilianza kazi kwenye gazeti moja, dawati la barua za wasomaji, kabla simu hazijalimaliza dawati lenyewe. Zilikuwa zinakuja kwenye karatasi za daftari la hesabu, nyingine zimekunjwa mara nane. Mwalimu mstaafu mmoja alituandikia kila wiki kututukana kwa makosa ya sarufi. Mwingine alimjibu kwamba na yeye amekosea. Mwalimu akajibu kwa shairi, vina vimekaa sawasawa, mizani kumi na sita kila mstari, ubeti wa tatu ukiwa ni matusi matupu yaliyovaa kanzu. Mhariri aliyekuwa juu yangu alitaka tuikate. Tukaichapisha, na wiki iliyofuata bahasha ziliongezeka.

Yule mzee hakubuni kitu. Jarida la Mambo Leo, lililoanza Dar es Salaam mwaka 1923 na ambalo lilikuwa la serikali ya kikoloni, lilijaa mashairi ya wasomaji kujibizana. Miaka mia moja kabla ya hapo Muyaka bin Haji wa Mombasa alikuwa akitupiana tungo na washairi wa Lamu katika ugomvi uliokuwa wa kisiasa hasa, wa nani amtawale nani pwani. Tunawafundisha wanafunzi majibizano hayo kama urithi, tunawapa mtihani. Lengo la tungo hizo lilikuwa ni nini, kama si kumuudhi aliye upande wa pili mpaka ashike kalamu? Ukiondoa maudhi kwenye ushairi wa kujibizana unabaki na mizani.

Sasa nije kwenye uhakiki mzuri wa lugha niliousoma kuhusu jambo hili, nao umo ndani ya hukumu. Aprili 2016 Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu ya Kenya aliamua shauri lililohusu kile kifungu cha 29. Kijana mtengenezaji wa tovuti alikuwa ameshtakiwa kwa alichoandika Facebook. Jaji alifanya kile ambacho mwalimu mzuri wa fasihi hufanya: akayachukua maneno ya kifungu moja baada ya jingine, la kuudhi kupita kiasi, la aibu, la kutisha, akauliza yana maana gani, na nani anaamua. Sheria yenyewe haikuyafafanua. Akaona kwamba maana imeachiwa hisia za anayesoma, kwamba mwananchi hawezi kujua mapema lipi ni kosa na lipi siyo, na kwamba hilo haliendani na Katiba. Kifungu kikafutwa. Mahakama ya Juu ya India ilikuwa imefuta kifungu cha aina hiyo mwaka mmoja kabla, Machi 2015.

Ningependa kuishia hapo kwa Kenya, ila miaka miwili baadaye ikaja sheria mpya ya makosa ya kompyuta na mtandao ya 2018, na kifungu chake cha 27 kuhusu unyanyasaji wa mtandaoni kinazungumzia mawasiliano ya aibu au ya kuudhi kupita kiasi. Ndiyo, maneno yale yale, yamerudi kwa dirisha la jikoni. Kifungu kilichofutwa kilikuwa na faini isiyozidi shilingi 50,000 za Kenya au miezi mitatu. Hiki kipya kinafika 20,000,000 au miaka kumi.

Najua jibu la upande wa pili, na si jibu la kijinga. Wanawake waandishi ninaowafahamu wanaamka asubuhi wanakuta jumbe ambazo siwezi kuzirudia hapa, picha zao zimeunganishwa na miili ya watu wengine, anwani za nyumbani kwao zimewekwa hadharani. Hiyo ni bughudha kwa maana kamili, na inastahili sheria kali, iliyoandikwa vizuri, yenye vitendo vilivyotajwa: kutisha, kufuatilia, kusambaza picha za faragha. Kinachoniuma ni kwamba sheria zilizotungwa kwa jina la hao wanawake zinapoandikwa kwa maneno ya hisia, anayezifikia kwanza ni mwenye polisi karibu.

Ushahidi wangu ni Uganda. Septemba 2018 Stella Nyanzi, mtafiti na mshairi, aliweka Facebook shairi la siku ya kuzaliwa ya Rais Museveni. Novemba akakamatwa. Mashtaka yalikuwa mawili: unyanyasaji wa mtandaoni na mawasiliano ya kuudhi. Agosti 2019 akaachiwa kwa la pili, akatiwa hatiani kwa la kwanza, miezi 18. Hapo ndipo kile kifungu cha kumlinda anayebughudhiwa kilipompata mtu wake wa kumlinda: rais aliyekuwa madarakani tangu 1986.

Kuhusu shairi lenyewe, nililisoma na liliniudhi. Linamwingiza mama mzazi wa Rais, marehemu, na linatamani mtoto yule asingetoka salama tumboni. Mimi nimelelewa kuheshimu mama wa mtu hata kama mtu mwenyewe simpendi. Kiufundi pia si shairi lake bora. Linapiga ngoma moja mpaka mwisho. Lakini ukilisoma mara ya pili unaona lilivyojengwa. Anachukua pongezi za siku ya kuzaliwa, anazigeuza kuwa maombolezo, na anatafuta chanzo cha mateso ya nchi mahali ambapo hakuna mwanasiasa anayethubutu kutazama. Ufidhuli huo una historia. Waganda wa miaka ya 1940 waliutumia kwa makusudi dhidi ya wakoloni na watu wao, wakivunja adabu hadharani kwa sababu adabu ilikuwa ndiyo kamba waliyofungiwa. Nyanzi anaijua historia hiyo na ameitaja. Kwa hiyo maudhi niliyoyapata hayakuwa ajali ya kazi, yalikuwa kazi yenyewe.

Akiwa gereza la Luzira aliandika mashairi mengi, yakatoka mwaka 2020 kama kitabu, No Roses from My Mouth. Nayapendekeza kwenu kuliko lile lililomfunga. Humo ana wafungwa wenzake, wanawake ambao hakuna aliyewahi kuwaandikia Facebook. Ni vigumu kukisoma bila kumkumbuka Abdilatif Abdalla, aliyefungwa miaka mitatu kuanzia 1969 kwa kijikaratasi cha "Kenya: Twendapi?", akatoka na Sauti ya Dhiki. Tofauti ni kwamba Abdilatif alishtakiwa kwa uchochezi, kosa ambalo angalau linakiri kwamba ugomvi ni wa siasa. Nyanzi alishtakiwa kana kwamba ni ugomvi wa jirani na jirani.

Lile shtaka la pili, aliloachiwa, lilitoka kifungu cha 25 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2011. Kilikataza kuvuruga amani na utulivu wa mtu kwa mawasiliano ya kielektroniki yasiyo na lengo halali. Nimekaa sana na maneno hayo mawili, lengo halali. Mimi ninayelipwa kuandika habari naweza kukutajia lengo halali la kila aya. Sijui mshairi angejibu nini kizimbani akiulizwa lengo la kina chake cha kati.

Februari 2020 Mahakama Kuu ya Kampala ilimwachia Nyanzi, kwa hoja ya mamlaka ya mahakama iliyomhukumu. Januari 2023 Mahakama ya Katiba ikakifuta kifungu cha 25, kwa shauri la wengine waliokuwa wamekipinga. Cha 24, kilichompa ile miezi 18, hakikuwa sehemu ya shauri hilo.