Tuta Ambalo Mfalme Hakulichonga: Uhakiki wa Michongo ya Lakishi

Darasani tumezoea kuhakiki riwaya, tamthilia na ushairi. Katika insha hii ninahakiki ukuta. Ni ukuta wa michongo ya mawe uliokuwa katika kasri la Senakeribu, mfalme wa Ashuru, mjini Ninawi, na ambao leo umehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London. Unasimulia jinsi jeshi lake lilivyouzingira na kuuteka mji wa Lakishi, katika ufalme wa Yuda, mwaka 701 K.K.

Nakiri kwamba rasimu yangu ya kwanza ilikuwa na hukumu ya haraka. Niliandika kuwa michongo hii ni sifa za mfalme kwa mfalme, na kwa hiyo haiaminiki. Akiolojia ndiyo iliyonilazimisha kuifuta sentensi hiyo.

Tuanze na fani. Msanii amekusanya nyakati tatu katika mandhari moja: mashambulizi, kushindwa na safari ya uhamishoni. Mitambo ya kubomolea ukuta inapanda juu ya matuta. Walinzi walio juu wanatupa mienge, na askari wa Ashuru anamwagia mtambo maji ili usiungue. Pembeni wanawake na watoto wanatoka mjini na mizigo yao, wengine wakiwa juu ya mikokoteni ya ng'ombe. Kuna waliotundikwa juu ya miti na kuna wanaochunwa ngozi. Msafara wa mateka unaishia mbele ya mfalme aliyeketi kwenye kiti cha enzi. Macho ya mtazamaji yanaongozwa kwake.

Sasa twende Lakishi kwenyewe, kilima kilichoko kusini-magharibi mwa Yerusalemu. Kuanzia miaka ya 1970, wanaakiolojia wakiongozwa na David Ussishkin walichimba pembe ya kusini-magharibi ya mji huo. Walikuta tuta kubwa la mawe lililojengwa na Waashuru ili kufikia ukuta, mamia ya ncha za mishale, nyingi zikiwa za chuma, mawe ya kombeo, na kipande cha mnyororo wa chuma ambao huenda walinzi waliutumia kunasia mtambo wa adui. Basi mchongaji hakubuni tuta wala mishale. Kazi ya kusifu inaweza kusema kweli katika mengi, na hapo hoja yangu ya kwanza ikaanguka.

Lakini uchimbaji huohuo ulinipa hoja nyingine. Ndani ya mji, mkabala na tuta la Waashuru, lilikutwa tuta la pili. Watu wa Lakishi walizoa udongo na vifusi vya kale vya mji wao, wakavirundika nyuma ya ukuta, ili ukuta ukibomoka adui akutane na kizuizi kipya. Hii ilikuwa kazi ya mikono mingi, iliyofanywa huku adui akizidi kukaribia. Katika michongo, tuta hilo halipo. Walinzi wanaonekana wakipigana na kushindwa. Hawaonekani wakipanga.

Uteuzi wa mji nao una maana. Kumbukumbu za Senakeribu zinajigamba kwamba alimzingira Mfalme Hezekia na kupokea kodi yake, ila hazisemi kwamba aliuteka Yerusalemu. Mji mkuu ulipomponyoka, Lakishi ndiyo iliyopamba chumba cha kasri. Kwa upande wa Yuda, Kitabu cha Pili cha Wafalme kinaeleza kwa kirefu jinsi Yerusalemu ulivyookoka, na Lakishi inatajwa tu kama mahali alipokuwa mfalme wa Ashuru wakati Hezekia alipompelekea ujumbe. Mshindi aliitaja Lakishi kwa fahari yake, na walionusurika walisimulia kunusurika kwao. Watu wa Lakishi hawakupata msimulizi katika pande zote mbili.

Kwa sababu hiyo siridhiki na umaumbo, nadharia inayotutaka tubaki ndani ya matini na kuchambua fani yake. Ningebaki ndani ya michongo hii, ningesifu mpangilio wake, ningeorodhesha mbinu zake, na nisingejua kamwe kwamba kuna kilichoachwa. Ukimya wa kazi ya sanaa hauonekani mpaka mhakiki atoke nje yake. Vilevile, kumshutumu mtunzi kwa upendeleo kabla ya kupima alichosema ni uvivu, na huo ulikuwa wangu.

Tuta la ndani halikuuokoa mji. Lakishi ilitekwa ikateketezwa. Hata hivyo, kwa watu ambao hakuna aliyewaandikia, lile rundo la udongo ndilo maelezo tuliyo nayo ya walichojaribu kufanya. Nadhani mhakiki anawajibika kulisoma pia.